Kabla ya Kukopa Mashine ya Akiba, Chonga Kasia la Tezi

Leo naomba tuzungumze jambo ambalo nimeulizwa sana kwenye vikao vya vikundi mwaka huu. Swali huja hivi: "Bwana Uvuvi, chombo changu ni cha tanga. Nataka mashine ndogo ya akiba kwa siku ambazo upepo unakata. Nikope? Ninunue mtumba? Ya HP ngapi?"

Jibu langu si lile ambalo wengi hulitarajia kutoka kwa afisa ugani. Kama chombo chako ni kidogo, tuseme futi 16 hadi 22, na unavua ndani ya miamba au karibu nayo, akiba yako ya kwanza isiwe mashine. Iwe kasia moja refu la kusukumia nyuma, lililochongwa kwa kipimo cha chombo chako, pamoja na nanga yenye kamba ya kutosha na mtu anayejua kulitumia. Mashine ije baadaye, kama itakuja. Na ikija, kasia lisishuke chomboni.

Huo ndio msimamo wangu. Sasa nitaeleza sababu, nikupe vipimo vya kumpelekea fundi, na nikuambie pia mahali ambapo kasia hilo halitakusaidia.

Ni kasia gani hilo?

Silo kafi la kushika mkononi, wala si yale makasia mawili ya kuvuta umekaa. Ni kasia moja linalolala juu ya tezi, bapa likiwa ndani ya maji nyuma ya chombo na mpini ukiwa ndani, usawa wa kifua cha msukumaji. Linakaa kwenye kileti au linafungwa kwa kishwara. Msukumaji anasimama na kuupeleka mpini kushoto na kulia, huku kiganja kikiligeuza bapa kidogo kila upande. Bapa halitoki majini hata mara moja. Linakwenda na kurudi kama mkia wa samaki, na kila linapopita linasukuma maji nyuma. Mimi naliita kasia la tezi, ili tusilichanganye na mengine.

Njia hii inajulikana duniani kote. Wachina na Wajapani wamesukuma sampani zao kwa kasia la nyuma kwa karne nyingi. Wavuvi wa Bretagne, kule Ufaransa, wanalo lao wanaloliita *godille*. Wanandoa Lin na Larry Pardey walizunguka dunia kwa mashua mbili za tanga, ya kwanza ya futi 24 na ya pili ya futi 29, na zote hazikuwa na injini. Upepo ulipokata bandarini, walishika kasia. Na sisi hapa pwani maneno kileti na kishwara tunayo katika lugha yetu tangu zamani, na bado utamwona mzee mmoja mmoja akitoka kwenye nanga asubuhi kwa kasia moja la nyuma, ameshika mpini kwa mkono mmoja. Ni vijana ambao hawajafundishwa.

Upepo hukata lini, na maji hukupeleka wapi?

Kila mvuvi wa tanga anajua kwamba kusi na kaskazi havipokezani kwa siku moja. Katikati yake kuna tangambili, au maleleji, mnamo mwezi wa 3 na wa 4, na tena mwezi wa 10 na wa 11. Siku hizo upepo hauna uaminifu. Unatoka alfajiri kwa umande, saa nne unakufa, na wakati mwingine haurudi hadi alasiri.

Shwari yenyewe haiui mtu. Hatari iko kwenye maji yaliyo chini yako, kwa sababu yenyewe hayalali. Pwani yetu, wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hufika karibu mita 4 sehemu nyingi. Maji yote hayo yanaingia au kutoka ndani ya saa sita hivi, na yanapopita kwenye milango kati ya miamba na visiwa huwa mto. Wanaoujua mlango wa Kinasi kule Mafia hawahitaji kusimuliwa. Ukishatolewa nje ya mwamba, unapokelewa na mkondo mkubwa wa pwani, ambao huku kwetu huelekea kaskazini mwaka mzima, na msimu wa kusi huenda kasi zaidi.

Fanya hesabu. Mkondo wa noti moja na nusu si mkubwa. Wengi hata hawautambui kwa macho. Lakini kwa saa tatu umekuchukua maili 4 na nusu za baharini, yaani zaidi ya kilomita 8. Hapo umeshakuwa mbali na kijijini kwenu.

Nitoe mfano ninaoufahamu. Wavuvi watatu walikuwa wakirudi na mashua ya tanga yenye mashine ndogo ya mtumba. Saa saba mchana upepo ukakata, maji yalikuwa yanakupwa. Wakavuta kamba ya mashine, ikapiga mara mbili, ikazima. Wakaanza kuhangaika nayo: plagi ikafunguliwa, ikafutwa, ikarudishwa. Muda wote huo, ubavuni mwao, kama mita 300 tu, kulikuwa na kipwa kirefu chenye maji ya pima tatu, mahali ambapo nanga ingeshika bila shida. Walipoinua vichwa, kipwa kilikuwa nyuma yao. Nanga walishusha, lakini kamba haikufika chini. Walilala baharini, na kesho yake wakaonekana na chombo kingine, mbali sana upande wa kaskazini. Walirudi hai, tunashukuru Mungu. Samaki walioza, na mmoja wao hakurudi tena kwenye kazi hiyo.

Mita 300. Kwa noti moja tu ya mwendo, mita 300 ni kama dakika kumi za kusukuma. Hawakuhitaji HP 15. Walihitaji dakika kumi za kasia, na mtu aliyezoea kulishika.

Kwa nini si mashine kwanza?

Sina ugomvi na mashine. Anayevua mbali, anayekaa dago, anayewahi soko na samaki wabichi, mashine ni kazi yake na ni usalama wake. Ninachozungumzia ni mashine ya *akiba*, ile inayolala chomboni wiki tatu na kutarajiwa iwake siku ya shida.

Mashine inayolala ndiyo inayoharibika. Petroli iliyochanganywa na oili ikikaa muda mrefu hubadilika. Maji huingia kwenye tangi. Chumvi hula nyaya na plagi. Pini ya pangaboi hukatika ikigonga mwamba, na pini ya akiba imebaki nyumbani. Wavu hujizungusha kwenye pangaboi wakati unahangaika kujiokoa. Mambo yote haya yana dawa yake, na dawa ni kuiwasha na kuisafisha kila wiki. Lakini niambie kwa ukweli: ni nani kati yetu anachoma petroli kila Jumamosi ili kuitunza mashine asiyoitumia?

Halafu uzito. Mashine ya HP 15 ya mfumo wa oili-mchanganyiko ina zaidi ya kilo 35, bado hujaweka dumu la mafuta. Pachika hiyo kwenye tezi ya ngalawa na uone inavyokaa. Omo inapanda, tezi inazama, na chombo kilichokuwa kinakwenda vizuri kwa tanga kinakuwa kizito. Umepata akiba kwa kuharibu kile ulichokuwa nacho kizuri.

Na gharama. Sitataja bei, kwa maana hubadilika kila msimu. Lakini mkopo wa mashine unalipwa kwa samaki wa kila siku, ilhali mashine yenyewe inafanya kazi siku chache kwa mwaka. Nimeona vikundi vinavyolipa rejesho la mashine iliyofunikwa turubai chini ya mnazi. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Kasia la tezi ni mbao mbili, kamba, na siku moja au mbili za fundi.

Kwa nini si kafi, pondo au makasia mawili?

Wengine wataniambia: makafi tunayo, inatosha. Tuangalie kimoja kimoja.

- Pondo ni zuri sana kwenye maji mafupi, juu ya mchanga na majani. Lakini likishakosa chini, halina kazi. Na shida huanza hapo hapo linapokosa chini.
- Kafi linafaa mtumbwi mwembamba wenye ubavu mfupi. Kwenye mashua yenye ubavu mrefu unainama hadi kiuno kinauma, na nusu ya nguvu inaishia kwenye kugeuza chombo badala ya kukipeleka mbele. Ukiwa peke yako ndiyo kabisa.
- Makasia mawili yana nguvu, sikatai. Lakini yanataka nafasi pande zote mbili, ubao wa kukalia, na msukumaji anayetazama nyuma. Kwenye ngalawa, mirengu na matengo yanakuzuia. Kwenye mashua iliyojaa nyavu na ndoo, hakuna pa kuyalaza.

Kasia la tezi linapita katikati ya hayo yote. Linasukumwa na mtu mmoja, amesimama, anatazama anakokwenda. Halihitaji nafasi ubavuni, kwa hiyo unaweza kupita kati ya vyombo vilivyotia nanga au kwenye mfereji mwembamba wa mikoko. Na usukani ukivunjika, kasia hilohilo ndilo usukani wako wa dharura. Hiyo peke yake ni sababu ya kulibeba.

Nguvu yake na mipaka yake

Hapa lazima tuwe wakweli, maana ushauri unaoficha mipaka unaweza kuua.

Mtu mwenye afya anayefanya kazi kwa muda mrefu hutoa nguvu ya kama wati 75 hadi 100. Mashine ya HP 15 ni wati 11,000 hivi. Kwa hiyo hakuna mashindano hapo. Lakini maji yana tabia moja inayotusaidia: mwendo wa polepole unahitaji nguvu ndogo sana. Ukitaka kuongeza mwendo maradufu, nguvu inayotakiwa si maradufu, ni karibu mara nane. Ndiyo maana mtu mmoja anaweza kukipeleka chombo cha futi 18 kwa noti moja, pengine moja na nusu, na ya pili akiifikia ni kwa muda mfupi. Ni mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Kwenye shwari, unatosha kukutoa kwenye hatari na kukufikisha pa kutia nanga.

Hautoshi kwa mambo haya:

1. Kushindana na mkondo. Mkondo wa noti tatu haupandwi kwa kasia. Usijaribu. Ukate kwa ubavu, elekea maji mafupi yaliyo kando, kubali kusogezwa kidogo wakati unavuka. Wale wavuvi watatu kipwa chao kilikuwa ubavuni, na hiyo ndiyo ilikuwa njia.
2. Kupanda upepo. Kusi likivuma na mawimbi yamesimama, kasia halitakupeleka mbele. Litakusaidia tu kuielekeza omo kwenye wimbi ili usipigwe ubavuni.
3. Safari ndefu. Kasia ni la mita mia kadhaa, pengine maili moja au mbili kwa kupokezana. Si la kurudi nyumbani kutoka bahari kuu.

Kwa sababu hiyo, kasia bila nanga ni nusu ya dawa. Kazi ya kasia ni kukufikisha kwenye maji ambayo nanga inashika. Kazi ya nanga ni kukuweka hapo hadi upepo urudi au maji yageuke. Kamba ya nanga iwe angalau mara tatu ya kina, na mara tano ni bora zaidi. Ukiwa na kamba ya pima kumi, usidhani una nanga ya pima kumi. Una nanga ya pima tatu.

Vipimo vya kumpa fundi

Vipimo hivi ni vya kuanzia kwa chombo cha futi 16 hadi 20. Fundi anayekijua chombo chako atarekebisha.

- Urefu wote: futi 12 hadi 13. Tezi ikiwa ndefu kutoka majini, ongeza. Kosa ninaloliona zaidi ni kasia fupi. Kasia fupi linasimama wima mno, linachosha na halisukumi.
- Mgawanyo: theluthi moja ndani ya chombo, theluthi mbili nje. Ukilishika usawa wa kifua, kasia liingie majini kwa mlalo wa kati, si wima na si la kulala juu ya maji.
- Bapa: urefu wa futi 3 na nusu hadi 4, upana wa inchi 6 hivi. Kingo ziwe nyembamba, katikati pawe na unene. Bapa pana sana litakuvunja mikono.
- Mti: mvinje ulionyooka, uliokaushwa kivulini polepole ili usipasuke, au ubao mwepesi usio na vifundo. Bapa laweza kuwa mtiki au mninga, likaungwa kwa gundi isiyoyeyuka majini na misumari ya shaba au skrubu zisizoshika kutu. Usikate mkoko bila kibali kwa ajili ya kasia. Hatuokoi mvuvi kwa kuua mazalia ya samaki wake.
- Kileti: kipande cha mti mgumu chenye mdomo wa mviringo, kimefungwa kwa boliti juu ya tezi. Kwenye ngalawa yenye tezi nyembamba, kiweke kidogo upande mmoja wa fashini, ili usukani usiguswe. Kusogea inchi chache kutoka katikati hakuna madhara.
- Kishwara: kitanzi cha kamba laini kinacholishika kasia kwenye kileti lisiruke, lakini lisibanwe. Kipake mafuta mgando au sifa.
- Kamba ya mpini: hii ni hekima ya Wachina, na inafaa kuigwa. Funga kamba kutoka ncha ya mpini hadi kwenye pete ya sakafuni. Unaposukuma, mpini hutaka kupanda juu. Kamba inaushikilia, nawe mikono inabaki na kazi ya kusukuma tu.

Likikamilika, lipake mafuta, lipewe mahali pake chomboni na lifungwe. Kasia lililo chini ya nyavu siku ya shida ni sawa na kasia lililobaki nyumbani.

Namna ya kujifunza

Ujuzi huu haununuliwi, ila haugharimu chochote zaidi ya jioni chache. Fanya hivi:

1. Anza chombo kikiwa kimefungwa. Kifunge omo kwenye nguzo au nanga, maji yakiwa yametulia. Hapo utajifunza bila hofu ya kwenda mahali.
2. Funga usukani katikati, au uutoe kabisa.
3. Simama miguu ikiwa mbalimbali, tazama mbele, shika mpini kwa mikono miwili.
4. Peleka mpini upande mmoja. Bapa lilazwe hivi: ukingo unaotangulia uwe chini kidogo, ukingo unaofuata uwe juu. Kadiria mlalo mdogo tu.
5. Ukifika mwisho, geuza kiganja, kisha rudi. Ukingo uliokuwa unafuata sasa unatangulia, na ndio unaokuwa chini. Ncha ya mpini inachora namba nane iliyolala.
6. Sikiliza. Kasia likitaka kuruka nje ya kileti, ujue umelaza bapa kinyume. Likikaza chini kwenye kileti na kamba ya omo ikavutika, umepata.
7. Ukishapata, fungua kamba. Kukata kona, vuta kwa nguvu zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Usiharakishe. Mwendo mrefu wa polepole unasukuma zaidi kuliko kutikisatikisa.

Siku ya kwanza chombo kitazungukazunguka na watu pwani watacheka. Waache wacheke. Kwa jioni nne au tano za kurudia, mwili unashika, na ukishashika hausahau, kama kuogelea. Kisha jifunze kwa mkono mmoja, maana siku ya shida mkono wa pili utakuwa unashika kamba au unakumba maji.

Na kila anayetoka na chombo hicho ajue, hata kijana wa kukumba maji. Nahodha naye huugua baharini, naye huumia. Akilala yeye, nani atashika mpini?

Kwa wanaosema huku ni kurudi nyuma

Nalisikia hili, na nalielewa. Mzazi aliyepiga kafi miaka thelathini hataki mwanawe apige kafi. Anataka mashine, na ana haki ya kutaka. Miradi nayo inapofika, inakuja na mashine, kwa sababu mashine inapigwa picha vizuri siku ya kukabidhiwa. Hakuna mgeni rasmi anayekata utepe wa kasia.

Lakini tutenganishe mambo mawili. Kuna chombo cha kuzalishia na kuna kinga ya uhai. Ukitaka kuzalisha zaidi, piga hesabu ya mashine kama mfanyabiashara: mafuta, vipuri, rejesho, samaki wangapi wa ziada. Kama hesabu inakubali, kopa, nami nitakusaidia kuandika andiko. Kinga ya uhai ina swali jingine: siku vyote vikikataa, ni kitu gani bado kitafanya kazi? Kasia halina plagi. Halilowi likashindwa. Likivunjika unaliona, na unaweza kuliunga kwa kamba na kipande cha mti hapohapo.

Halafu tukumbuke kwamba hata mwenye mashine kubwa anaishiwa mafuta. Boti ya plastiki yenye HP 40 ikizima kwenye mlango, ni gogo linaloelea kama magogo mengine. Kwa hiyo hili si la maskini peke yake.

Ninachopendekeza kwa vikundi

Kwa viongozi wa BMU na kamati za madiko, naomba mlichukue jambo hili kama ajenda ya kikao kijacho. Mapendekezo yangu ni manne.

Kwanza, kwenye orodha ya ukaguzi kabla ya chombo kutoka, pamoja na jaketi la kuokolea maisha, nanga na chombo cha kukumbia maji, ongezeni kasia la tezi na kileti chake. Tuanze na vyombo vya tanga.

Pili, msikague kwa macho tu. Wekeni jaribio dogo kabla ya kila tangambili: chombo kitoke nanga, tanga likiwa limefungwa na mashine imezimwa, kisogee mita 200 hadi kwenye alama, kigeuze, kirudi. Anayeshindwa hafungiwi, anafundishwa. Fanyeni iwe mashindano ya vijana siku ya Ijumaa jioni, na zawadi iwe kamba ya nanga.

Tatu, kikundi kinachotaka kukopa mashine ya akiba kwa chombo kidogo cha tanga, kwanza kionyeshe kwamba chombo hicho kina nanga, kamba, majaketi na kasia. Kama fedha hazitoshi vyote, mashine ndiyo isubiri.

Nne, watafuteni wazee wanaojua kusukuma kwa tezi kabla hawajaondoka na ujuzi wao. Mlipeni mzee posho ya siku mbili awafundishe vijana kumi. Ni mafunzo ya bei ndogo kuliko semina yoyote niliyowahi kuhudhuria.

Wewe mwenye chombo, usisubiri kikao. Wiki hii nenda kwa fundi na vipimo hivi, mwambie akipime chombo chako kwanza ndipo akate mti. Kabla ya tangambili inayokuja, uwe umeshasimama tezini na kujua mikono yako inaweza kukipeleka chombo hicho umbali gani kwa dakika kumi. Andika umbali huo ukutani nyumbani kwako. Huo ndio umbali wako wa akiba, na ukiwa baharini upepo ukianza kulegea, usiruhusu maji mafupi yakae mbali kuliko hapo.

Fundi akikwama kwenye vipimo, njooni naye ofisini au tukutane dikoni asubuhi vyombo vinapoingia.